Mzigo Kichwani, Barieri Njiani

Jenereta ilizima mara mbili kabla Van Damme hajarusha teke la kwanza. Mara ya kwanza mafuta yalikuwa yamekwisha. Mara ya pili mwenye kibanda aliizima mwenyewe, maana vijana watatu walikuwa wamepenya chini ya turubai bila kulipa, na hakuna kati yetu aliyekubali kuwataja. Tukakaa gizani, bega kwa bega juu ya mabenchi ya mbao, harufu ya sambaza ikitujia kutoka kibanda cha jirani, hadi noti chakavu za franga zilipopita mkono kwa mkono na kufika mlangoni.

Ilikuwa Birere, mjini Goma, miaka michache baada ya volkano ya Nyiragongo kuumwagia mji moto mwezi Januari 2002. Sakafu tuliyokanyaga ilikuwa lava yenyewe, nyeusi, yenye makali ya kutafuna soli za kandambili. Na juu ya lava hiyo, ndani ya televisheni iliyofungwa kwa waya ili isiibwe, New York nayo ilikuwa imekwisha: majengo mabovu, tauni imewafyeka watu, na jitu moja lenye sauti nzito linatusimulia maafa hayo kwa furaha, kama mtu aliyepata alichokuwa akikiomba.

Filamu yenyewe ni *Cyborg*, ya mwaka 1989. Wengi wenu mmeiona, hata kama jina limewatoka. Van Damme ndiye stelingi. Kwetu Goma watoto humwita akteri, na adui wake ni shefu bandi. Adui huyo anaitwa Fender Tremolo. Stelingi anaitwa Gibson Rickenbacker. Yupo pia Marshall Strat, na bibi mmoja aitwaye Pearl Prophet. Karibu majina yote hayo ni chapa za magitaa, ngoma na vipaza sauti, kana kwamba mtunzi aliandika hadithi yake akiwa ameketi ndani ya duka la ala za muziki.

Kando yangu alikaa mwanamume wa miaka kama thelathini na mitano, mwenye makovu mawili mabegani, moja kila upande, yaliyong'aa kama ngozi iliyowahi kuungua. Nikamsalimia, "Yaya, mambo?" maana kwetu kaka mkubwa huitwa yaya. Akaitikia, kisha akamnyooshea kidole Pearl kwenye kioo.

"Huyu mama amebeba nini?"

Nikamweleza. Pearl amejitolea kugeuzwa nusu mtu nusu mashine ili achukue siri ya dawa ya tauni kutoka New York na kuifikisha kwa madaktari waliobaki Atlanta. Siri iko ndani ya fuvu lake, kwenye vyuma. Fender anaitaka ili dawa iwe mali yake, na Gibson ndiye anayepaswa kumvusha bibi huyo salama.

"Kilo ngapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Baadaye, Fender alipokuwa amekwisha kuwaua watu wa pwani na jenereta imezima kwa mara ya tatu, ndipo nilipojua kwamba yaya huyu alikuwa ametoka Walikale, na kwamba makovu yale ni ya kamba. Alikuwa mbebaji wa Bisie.

Kwa asiyeijua Bisie, aanze na mlima uliozama ndani ya msitu wa wilaya ya Walikale, Kivu Kaskazini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu waligundua kwamba mawe meusi mazito ya mlima ule ni kasiterite, yaani madini ya bati, tena yenye utajiri usio wa kawaida. Maelfu wakamiminika. Wakajenga kijiji cha maturubai, baa, maduka ya dawa na makanisa ya mbao pale palipokuwa na miti tu. Wakachimba mashimo kwa nyundo na patasi, tochi zikiwa zimefungwa kichwani kwa mpira, mtu akishuka ndani sana hadi hewa inakuwa nzito. Mwenye shimo walimwita PDG, cheo cha mkurugenzi wa kampuni, hata kama kampuni yenyewe ilikuwa kamba, ndoo na wachimbaji sita wenye madeni. Wakati wa kilele chake, zaidi ya nusu ya kasiterite yote ya Kivu Kaskazini ilitoka katika mlima huo mmoja.

Barabara haikuwepo. Jiwe lililotoka shimoni lilivunjwa, likaoshwa, likatiwa gunia, na gunia likapanda mgongoni mwa mtu. Kilo 50. Kutoka Bisie hadi upande wa Njingala ilikuwa safari ya siku mbili msituni, tope hadi magotini, miti iliyoanguka ikiwa ndiyo madaraja. Toka huko mzigo ulipanda gari hadi Kilambo, mahali ambapo kipande cha barabara ya lami kiligeuzwa uwanja wa ndege: magari yanazuiwa, mbuzi wanafukuzwa, na kindege kilichotengenezwa enzi za Wasovieti kinashuka katikati ya barabara, kinapakia magunia, kinaruka kwenda Goma. Mkurugenzi wa filamu angepewa mandhari hiyo bure asingehitaji kubuni kitu.

Na njiani kulikuwa na barieri. Kamba au mti mmoja umelazwa njiani, wenye bunduki wawili watatu wameketi pembeni, mwingine ana daftari. Kila barieri na ushuru wake, kwa pesa au kwa kilo. Miaka kadhaa mlima wenyewe ulikuwa mikononi mwa Brigedi ya 85, kikosi cha wanamgambo wa Mai-Mai waliovalishwa sare za jeshi la taifa, hadi mwaka 2009 walipoondoka na wengine wakaingia, baadhi yao wakiwa waasi wa jana waliounganishwa jeshini. Mchimbaji alifanya salongo, kazi ya lazima ya kumchimbia mwenye bunduki, kisha akarudi kuchimba deni lake. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema. Marufuku ikaondolewa Machi 2011. Katika miezi ile, wanaozijua njia zile watakwambia, mawe hayakuacha kutembea. Yalitembea usiku.

Sasa rudini Birere na mkae kwenye benchi la yaya huyu. Wakosoaji wa Marekani waliitazama *Cyborg* wakaona teke, damu, na mtu mwenye misuli asiyejua kuigiza. Yeye aliona mzigo. Aliona mbebaji asiye na silaha, njia ndefu ya kuelekea kusini, na majambazi ambao kazi yao ni kukaa njiani wakisubiri kinachopita. Fender hakumshtua hata kidogo. "Huyu ni wa barieri," alisema, kwa sauti ya mtu anayemtambua jirani. Kilichomsumbua ni ufundi: kwa nini wanapita mchana? Kwa nini Gibson anamwacha mama mwenye mzigo anakaa mbali naye? Na akauliza mara mbili, kwa sababu sikuwa na jibu, kama Pearl atalipwa akifika, au Atlanta watamwambia bei imeshuka.

Tangu siku ile nimeitazama filamu hiyo mara nyingi, na sijaweza tena kuiona kama wanavyoiona wengine.

Jinsi ilivyotengenezwa nayo ni hadithi ya watu wanaoishi kwa mabaki. Kampuni ya Cannon, ya binamu wawili Menahem Golan na Yoram Globus, ilikuwa imepanga kupiga mwendelezo wa *Masters of the Universe* na filamu ya Spider-Man, zote mbili chini ya mkurugenzi Albert Pyun, mzaliwa wa Hawaii. Mavazi yakashonwa, mandhari yakajengwa huko North Carolina. Pesa zikakatika. Filamu zote mbili zikafa, lakini mavazi na mandhari vilikuwa tayari vimelipiwa. Pyun akatunga hadithi mpya mwishoni mwa wiki moja tu, akaipima kwa kilichopo stoo kama fundi cherehani anavyokata suruali ya mtoto kutoka kwenye koti la baba. Bajeti ilikuwa takriban dola 500,000, fedha ambazo Hollywood zisingetosha hata tangazo. Ikaingiza zaidi ya dola milioni 10 huko Marekani peke yake.

Ndiyo sababu sinema za baada ya kiyama ziliwapenda maskini wa fani hii, nao wakazipenda. Dunia ikiwa imekwisha, huhitaji kupaka nyumba rangi. Kiwanda kilichofungwa ni jumba la mfalme. Gunia ni vazi. Mvua ikinyesha, wapige picha stelingi na adui wake chini ya mvua hiyo hiyo, ndivyo walivyofanya katika pambano la mwisho la *Cyborg*. Na karate haihitaji risasi wala baruti, inahitaji mwili uliofunzwa. Mwili wa Van Damme, Mbelgiji aliyezaliwa mwaka wa 1960, mwaka uleule Ubelgiji ilipotuachia bendera, ulikuwa mtaji wote wa filamu ile. (Wazee wa Goma waliipenda sana tarehe hiyo. Mbelgiji wa kwanza, walisema, tuliyemwona akitoka jasho.) Lakini urahisi nao una bei, na mara nyingi hulipwa na mdogo: askari mmoja wa Marekani aliyekodiwa kuigiza haramia alipoteza jicho kwa kisu cha pambano, na mahakama ikamwamuru Van Damme amlipe zaidi ya dola 480,000.

Hapa jirani, Uganda, wapo waliouchukua ufundi huu wa mabaki wakaufikisha ambako Pyun hakuota. Katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana, aliyekuwa akifyatua matofali, alianza kupiga filamu za mapigano kwa fedha ambazo watu wa Cannon wangezitumia kwa chakula cha mchana. *Who Killed Captain Alex?* ya mwaka 2010 inatajwa kugharimu chini ya dola 200. Kompyuta aliziunga mwenyewe kwa vipuri. Bunduki zilichomelewa kwa vyuma chakavu na fundi wake Dauda Bisaso, ambaye baadaye aliunda helikopta nzima ya chuma chakavu isiyoruka, lakini mbele ya kamera inaruka. Damu ilitiwa kwenye kondomu zikapasuliwa kifuani kwa uzi. Mwanzoni walitumia damu ya ng'ombe, wakaacha baada ya mwigizaji mmoja kuugua. Watoto wa mtaa hujifunza kung-fu uani, na juu ya picha sauti ya VJ Emmie inapiga kelele, inacheka, inamsifu stelingi na kumdhihaki adui, kama alivyokuwa akifanya Lufufu kwa Watanzania na DJ Afro kwa Wakenya. Mwaka 2019 tamasha la Toronto liliipokea *Crazy World* yao katika kipindi cha usiku wa manane.

Nabwana aliwahi kusimulia kwamba utotoni hakuziona filamu hizo. Kaka yake Kizito ndiye aliyekwenda bandani, kisha akarudi nyumbani kumsimulia. Alizipokea kwa masikio. Kumbukeni jambo hilo, nitalirudia.

Bisie yenyewe imewahi kupigwa picha, ila si na wenyewe. Mwaka 2010 Frank Piasecki Poulsen kutoka Denmark alitoa *Blood in the Mobile*. Aliipata njia ya msituni kwa kuongozwa na kijana aliyewahi kufanya kazi mlimani, akashuka shimoni na kamera, kisha akaenda hadi makao ya Nokia nchini Ufini kuuliza kama bati la simu zao linatoka humo. Ni filamu ya haki na yenye ujasiri. Lakini shujaa wake ni mwenye kamera. Wabebaji wanapita mbele yake kama wanavyopita mbele ya barieri, vichwa chini, hawana jina, na mimi kila nikiitazama natafuta mabega.

Miaka kumi na moja baadaye ikaja *Neptune Frost* ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, iliyopigwa Rwanda na kuonyeshwa Cannes mwaka 2021. Hapo mchimbaji wa koltani, akiwa na msiba wa ndugu aliyeuawa mgodini, anakimbilia kijiji kilichojengwa kwa mabaki ya kompyuta, na humo wadukuzi wanaimba kwa Kirundi, Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Nguo zimeshonwa kwa nyaya na vibonyezo. Ni nzuri mno. Ningependa kuionyesha Birere, lakini nawajua watu wangu: dakika ya ishirini mtu atauliza, kwa upole, mapigano yanaanza saa ngapi.

Mlima nao haukusubiri wasanii. Wachimba kwa nyundo waliondolewa, kampuni ya Alphamin ikajenga mgodi wa mitambo katika eneo linaloitwa Mpama North, uzalishaji ukaanza mwaka 2019. Mwaka 2024 mgodi ulitoa tani 17,324 za bati, takriban asilimia 6 ya bati lote la dunia, na kiasi kikubwa cha bati hilo huishia kuwa lehemu, ile metali ya kung'aa inayoshika vipande vya simu yako visianguke. Barabara sasa ipo. Halafu, tarehe 13 Machi 2025, shughuli zikasimamishwa na wafanyakazi wakahamishwa kwa sababu waasi wa M23 walikuwa wanakaribia. Siku sita baadaye waasi hao waliingia Walikale mjini. Mwanzoni mwa Aprili wakarudi nyuma, na tarehe 9 kampuni ikatangaza kuanza upya kwa hatua. Mgodi uliposimama, bei ya bati ilikuwa imeruka London. Sinema ya kiyama huanza na maandishi meupe kwenye kioo cheusi yanayotaja mwaka fulani ujao. Walikale maandishi hayo yangekuwa na tarehe za gazeti la juzi.

Nilikutana tena na yule yaya mwaka mmoja baada ya *Cyborg*, pembeni ya gereji, akisukuma chukudu lililobeba viazi. Alikuwa ameacha msitu. Chukudu, kwa asiyeliona, ni baiskeli ya mbao isiyo na pedali, imechongwa kwa shoka na kuvishwa mpira wa gurudumu bovu, na inabeba mamia ya kilo kushuka kutoka milimani. Pyun angelilipia. Tukanunua chai, tukazungumza habari za sinema, na mimi nikajitia ujuzi nikamwambia kwamba hadithi ya mtu aliyegeuzwa chuma ni ya Wazungu, ya zama za kompyuta.

Akaniangalia kwa huruma.

"Mdogo wangu, wewe humjui Mwindo?"

Nilikuwa nimelisikia jina. Wanyanga, wenyeji wa misitu ile ile ya Walikale, wana utendi wa Mwindo, na dunia iliujua baada ya Daniel Biebuyck kuurekodi mwaka 1956 kutoka kwa mganii Candi Rureke, aliyeimba, akacheza na kuigiza kwa siku kumi na mbili, kibuyu cha njuga mkononi, vijana wakimpigia fimbo kavu kama ngoma na wasikilizaji wakimtuza. Kitabu kilitoka mwaka 1969, Biebuyck akiwa pamoja na Kahombo Mateene, Mnyanga aliyekuja kuwa mwanaisimu mkubwa. Yote hayo niliyasoma baadaye. Yaya alikuwa nayo masikioni, kutoka kwa bibi yake.

Akanisimulia huku chai ikipoa. Shemwindo, mtemi wa Tubondo, aliapa kwamba wake zake saba wazae mabinti tu. Mwindo akazaliwa mvulana, anatembea, anasema, mkononi ana usinga wake wa mkia wa nyati. Baba akamrushia mikuki, akamzika hai, hatimaye akamfungia ndani ya ngoma akaitosa mtoni. Ngoma ikasafiri hadi kwa shangazi yake, Iyangura. Na Mwindo alipotaka kurudi kupigana na baba, alikwenda kwanza kwa wajomba zake, mafundi wa chuma, nao wakamfua: viatu vya chuma, suruali ya chuma, shati la chuma, kofia ya chuma.

"Sasa niambie," akasema, "nani aliyetangulia?"

Nikakubali kushindwa. Lakini nilitaka kujua pambano liliishaje, maana katika *Cyborg* Gibson anamuua Fender, anamfikisha Pearl mlangoni Atlanta, kisha anageuka na kurudi kwa miguu alikotoka. Mji wake umekufa, na wafu wake wamebaki palepale walipoanguka.

Yaya akasema radi iliteketeza Tubondo yote, hakubaki mtu isipokuwa mtemi aliyekimbilia kuzimu. Mwindo akamfuata huko chini, akapitia majaribu, akamkamata. Waliporudi juu hakukaa kwanza kwenye kiti. Alipita kwenye majivu na usinga wake, akawainua watu mmoja mmoja: aliyekufa akitwanga akaamka na mchi mkononi, mjamzito akaamka na mimba yake.

"Na wale wajomba," nikauliza, "wahunzi, walikuwa kina nani?"

Alikuwa amekwisha simama, ameshika mpini wa chukudu, anatafuta mwinuko wa kuanzia kusukuma.

"Popo," akasema. "Wajomba zake ni popo. Sukuma hapo nyuma kidogo, nisaidie kuvuka hii lava."